Siku mbili mzingani: jinsi saa ya nyuki mchanga ilivyochunguzwa

Nyuki kibarua anapotafuna kifuniko cha nta na kujichomoa kwenye tundu la sega, anatoka amekamilika: ana mabawa, ana vipapasio, ana macho yote matano. Kitu kimoja hana. Hajui usiku wala mchana. Mtenge peke yake maabara, gizani, kwenye joto lisilopanda wala kushuka, naye atatembea kidogo, atatulia kidogo, atatembea tena, saa 24 zote bila mpangilio wowote. Dada yake mkubwa, yule ambaye tayari anaruka kwenda kuchuma mbochi, akiwekwa kwenye kitundu cha aina ileile atachangamka mchana na kulala usiku, siku baada ya siku, ingawa jua halioni.

Kwa mdudu, hili si jambo la kawaida. Wadudu wengi hutoka kwenye pupa na saa ya mwili inayofanya kazi tangu siku ya kwanza. Nyuki katika hili anamkaribia zaidi mtoto mchanga wa binadamu, anayewakesha wazazi wake kwa wiki kadhaa kabla ya kutofautisha usiku na mchana. Na kama ilivyo kwa mtoto, swali linakuja lenyewe: saa hii inakomaa yenyewe kwa umri, au kuna kitu nyumbani kinachoikomaza?

Mwaka 2012 Ada Eban-Rothschild, Yair Shemesh na Guy Bloch wa Chuo Kikuu cha Kiebrania, Jerusalem, walichapisha jibu lao katika Journal of Biological Rhythms. Matokeo yenyewe nitayaeleza, lakini kilichonivutia zaidi ni jinsi jaribio lilivyopangwa. Vifaa vyake vikuu ni wavu na subira. Walichokifanya watafiti hawa ni kumnyima nyuki kitu kimoja baada ya kingine, halafu kuangalia ni kipi kikikosekana saa haijitokezi.

Kabla ya hapo kuna mtego wa kuukwepa, na aliyeufunua vizuri ni inzi wa matunda. Tangu mwaka 1971, Ronald Konopka na Seymour Benzer walipopata inzi wenye saa mbovu huko California (wengine siku yao ya ndani ilikuwa ya saa 19, wengine 28, wengine hawana kabisa), tunajua kwamba saa ya mwili imeandikwa kwenye jeni. Lakini jeni kuwepo si sawa na saa kuwa inatembea, na saa kutembea si sawa na kuonyesha majira sahihi. Mwaka 1992 Amita Sehgal, Jeffrey Price na Michael Young, huyu wa mwisho ndiye aliyegawana Nobeli ya mwaka 2017, walifuga inzi gizani tangu yai. Walipokomaa, kila inzi alipopimwa peke yake alikuwa na mdundo wake safi wa kutembea na kupumzika. Tatizo ni kwamba hakuna aliyelingana na mwenzake, hata wale walioanza kukua kwa wakati mmoja. Ukiwajumlisha na kuchora mstari mmoja wa wastani, mdundo unapotea. Ni kama wapiga ngoma 50, kila mmoja na pigo lake thabiti: ukisimama mbali unasikia mvumo tu, nawe waweza kuapa kwamba hakuna anayepiga kitu cha maana.

Timu hiyohiyo iliendelea kuuliza mwanga wa utotoni unaanza kusikika lini. Waliwapa inzi mwanga katika hatua mbalimbali za ukuaji kisha wakawarudisha gizani hadi utu uzima. Mwanga uliokoma kabla buu hajatoka kwenye yai haukuacha alama yoyote. Mwanga uliokoma pale buu wa kwanza anapomaliza kutoka ulitosha kuwalinganisha inzi wote watakapokuwa wakubwa. Maana yake, saa ilianza kutembea kwenye kiumbe kidogo kuliko punje ya mchele, ikapita hatua za buu, ikapita ndani ya pupa ambamo mwili karibu wote unabomolewa na kujengwa upya, na haikupoteza majira. Hapa mazingira ya mwanzo hayakuiunda saa. Yaliiwekea majira tu.

Kwa hiyo anayetaka kusema lolote kuhusu saa ya nyuki mchanga hana budi kumpima nyuki mmoja mmoja. Kutazama mzinga mzima hakutasaidia, kwa sababu mzinga haulali: nyuki walezi huwahudumia majana mchana na usiku bila kupumzika kwa ratiba. Ukihesabu nyuki wanaotembea juu ya sega la majana saa nane mchana na saa nane usiku, huoni tofauti ya kukusaidia.

Sasa tuingie maabara. Sega lenye majana yaliyofunikwa hutolewa mzingani na kuwekwa kwenye kabati la joto. Nyuki wanaotoka huokotwa wangali laini, wa kijivu, hawawezi kuruka wala kuuma, na wanaokwenda mzingani hutiwa doa la rangi mgongoni ili wapatikane baadaye katikati ya maelfu. Hapo ndipo kugawanya kunapofanyika, na kwa kuwa ni ndugu wa mzinga mmoja, tofauti ya ukoo haiwezi kubebeshwa lawama kirahisi. Baada ya muda uliopangwa, kila mmoja huhamishiwa kwenye kitundu chake chenye sukari na chavua, hali ya chumba ikiwa ileile saa zote, na kamera ikimfuatilia chini ya taa nyekundu hafifu. Nyekundu, kwa sababu jicho la nyuki haliioni. Kwetu ni mwanga wa kufanyia kazi, kwake ni giza.

Kinachotoka kwenye kompyuta ni mchoro ambao mtu akishauzoea anausoma kwa jicho tu. Kila siku inachorwa mstari mmoja, na siku inayofuata inakaa chini yake. Panapokuwa na kutembea panawekwa weusi. Nyuki asiye na mdundo huacha madoadoa yaliyotapakaa ukurasa mzima. Mwenye mdundo huacha utepe mweusi unaoshuka kutoka juu hadi chini. Utepe huo mara nyingi haushuki wima: kama siku yake ya ndani ni fupi kuliko saa 24, unateleza kidogo kushoto kila siku, kama ni ndefu, unateleza kulia. Mteremko huo ndio kasi ya saa, na huonekana tu pale mdudu anapokuwa hana jua la kumsahihisha. Ili jicho lisijidanganye, hesabu ya takwimu hupitishwa juu ya data kutafuta mzunguko unaojirudia karibu na saa 24, na kusema una nguvu kiasi gani kupita kile ambacho bahati nasibu ingeweza kutoa. Hapo unapata majibu mawili tofauti ambayo wasomaji wengi huyachanganya: ni nyuki wangapi kati ya 100 wana mdundo, na mdundo wa kila mmoja una nguvu gani.

Kundi la kwanza liliachwa mzingani kwa saa 48 za mwanzo za utu uzima, huru, likizurura juu ya masega. La pili lilikaa saa hizohizo maabara, kila nyuki peke yake. Waliotoka mzingani walikuwa na mdundo kwa kiwango kinachokaribiana na dada zao wachumaji, ingawa mdundo wao ulikuwa dhaifu zaidi. Waliotengwa walibaki nyuma sana. Umri hauwezi kuwa sababu, maana walikuwa na umri uleule.

Hadi hapa mtu yeyote angeridhika na kusema nyuki anahitaji wenzake. Watafiti hawakuridhika, na walifanya vizuri. Kundi la tatu lilikaa saa 48 maabara, lakini nyuki akiwa na dada 30 wa rika lake. Kama tatizo ni upweke, hawa wangepaswa kuwa sawa na wa mzingani. Hawakuwa. Walifanana na waliotengwa. Kundi la nne lilikaa mzingani saa 24 tu kabla ya kuhamishwa, nalo likafanana na waliotengwa. Kumbe wenzake wa rika hawatoshi, na siku moja ya mzinga haitoshi.

Kisha likaja jaribio la wavu, ambalo kwangu ndilo moyo wa kazi yote. Nyuki wachanga waliingizwa katika mzinga halisi, lakini ndani ya vizimba. Vizimba vingine vilikuwa na wavu mmoja. Wavu mmoja humzuia nyuki kutoka, ila haumzuii dada wa nje kupenyeza ulimi na vipapasio: wanaweza kugusana, wanaweza kulishana mdomo kwa mdomo, na pamoja na chakula hicho kupitishiana kemikali zinazobeba habari za mzinga. Vizimba vingine vilikuwa na nyavu mbili zenye nafasi kati yake. Nafasi hiyo ndogo inakata kila kitu kinachohitaji mguso: kulishana, kupapasana, harufu zisizoruka hewani, kumgusa malkia, kugusa majana. Baadhi ya nyuki waliwekwa kizimbani peke yao, wengine kwa makundi.

Wote walikuwa na uwezekano wa kupata mdundo sawa na wa dada zao waliokuwa huru. Hata yule wa peke yake nyuma ya nyavu mbili, ambaye kwa siku mbili hakugusa kiumbe kingine.

Ukiyasoma matokeo haya taratibu unaona jinsi yanavyofuta maelezo ambayo mtaalamu wa nyuki angeyataja kwanza. Mawasiliano mengi muhimu ya nyuki ni ya mguso. Yote yameondolewa na saa imekomaa vilevile. Kilichobaki ni kile kinachopita kwenye wavu: harufu zinazoruka hewani, joto, unyevu, mchanganyiko wa hewa na mtetemo wa masega. Watafiti wenyewe waliishia hapo, wakataja harufu za hewani au hali ya hewa ya ndani ya mzinga, au vyote viwili.

Nina maswali mawili juu ya kazi hii, na hayaipunguzii heshima. La kwanza ni lile kundi la dada 30. Lilikusudiwa kupima kama kuwa na wenzako kunatosha, na linajibu hivyo. Lakini nyuki 30 hawawezi kutengeneza mzinga mdogo. Kundi kamili hushikilia sehemu ya majana kwenye nyuzi kama 34 hadi 35 za Selsiasi kwa kutetemesha misuli ya kifua kukiwa na baridi na kupepea mabawa kukiwa na joto, na maelfu hushiriki kazi hiyo. Zaidi ya hayo, hawa 30 walikuwa wa rika moja, hakuna mwenye saa kati yao wa kuwapa wengine chochote. Kwa hiyo kushindwa kwao kunaweza kumaanisha kukosa hali ya hewa ya mzinga, au kukosa wakubwa, au vyote. Jaribio la nyavu halitenganishi haya, kwa sababu hali ya hewa ya mzinga na harufu ya wakubwa vinakuja kwa pamoja.

Swali la pili linarudi kwa wale inzi. Tumeshasema nyuki mmoja lazima apimwe peke yake kwa sababu wastani wa wengi unaficha. Lakini nyuki mmoja naye ni wengi. Saa ya mdudu haiko mahali pamoja. Iko kwenye seli nyingi za ubongo, kila moja na mzunguko wake wa jeni na protini. Vipimo vilivyoonyesha kwamba nyuki mchanga hana mdundo wa jeni za saa vilichukua ubongo mzima na kutoa namba moja. Namba hiyo haiwezi kutofautisha seli ambazo saa zake zimesimama na seli ambazo zote zinatembea lakini kila moja na majira yake. Kama ni la kwanza, mzinga unaziwasha. Kama ni la pili, mzinga unazilinganisha tu, na mazungumzo yote ya kukomaa yanageuka.

Kuna dalili inayonifanya niegemee kwamba saa zilizofichika ni nyingi kuliko tunavyodhani. Nyuki mlezi, yule asiyepumzika kwa ratiba, akitolewa kwenye majana na kutengwa maabara, mdundo wake hujitokeza upesi, na mwanzo wa shughuli zake unalingana na asubuhi ya nje ambayo hakuwa akiifuata. Saa ilikuwepo na ilikuwa na majira sahihi. Kazi ya ulezi ndiyo iliyoizuia isionekane kwenye miguu yake.

Ingewezekana kuachana na kukisia na kuitazama saa yenyewe ikiwa mkononi? Kwa nyuki ni vigumu. Kwa mende iliwezekana miaka 30 kabla, na njia iliyotumika inastahili kuelezwa kwa sababu inaonyesha mazingira ya utotoni yakigusa kitu tofauti kabisa: kasi.

Terry Page wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, alitumia mende wa Madeira, Leucophaea maderae, mdudu mkubwa anayeishi muda mrefu na anayevumilia kisu. Mende hawa walifugwa tangu utotoni katika siku za uongo. Wengine walipewa saa 11 za mwanga na 11 za giza, yaani siku ya saa 22. Wengine 13 kwa 13, siku ya saa 26. Walipokomaa na kuwekwa kwenye giza la kudumu, kila mmoja kwenye gurudumu la kukimbilia linalohesabu mizunguko, waliolelewa kwenye siku fupi walikuwa na saa ya ndani fupi kuliko waliolelewa kwenye siku ndefu. Tofauti ni ndogo kuliko ile ya siku za uongo zenyewe: saa haikukubali kuvutwa hadi 22 wala hadi 26. Lakini ipo, na ilibaki baada ya mwanga kuondolewa.

Mwenye shaka angesema hapo mazingira yamebadilisha mwili mzima, labda homoni, labda ulaji, na saa inafuata tu. Page akachukua kisu. Saa ya mende iko kwenye vipande viwili vya ubongo vilivyo nyuma ya macho, kimoja kila upande. Ukivitoa, mdundo unakufa. Akavitoa, kisha akapandikiza vya mende mwingine aliyelelewa kwenye siku tofauti. Kwa wiki nyingi mende aliyepandikizwa alikimbia ovyo. Kati ya wiki ya 4 na ya 8 mdundo ukarudi, baada ya nyuzi za neva kuota upya na kufika ubongoni, na kasi yake ilikuwa ya aliyetoa. Mwili ulikuwa wa mtoto wa saa 26 na mwendo ukawa wa mtoto wa saa 22. Kazi hiyo ilitoka katika Science mwaka 1982, na bado sijaona njia iliyo wazi zaidi ya kuonyesha kwamba malezi yameacha alama ndani ya saa yenyewe, si pembeni yake.

Ndiyo maana nasita ninapoona watu wakiandika kwa jumla kwamba mazingira ya mwanzo huathiri saa ya wadudu. Kwa inzi yaliweka majira. Kwa mende yalibadilisha kasi. Kwa nyuki yaliamua saa itaonekana mapema au itachelewa. Na kuchelewa ni neno sahihi, maana nyuki aliyetengwa kwa kawaida naye huja kupata mdundo baada ya siku kadhaa. Mzinga unamharakisha. Kuwa na saa kuna faida iliyo wazi: mchumaji bila saa hawezi kurudi kwenye ua wakati linapotoa mbochi, wala kutumia jua kama dira, kwa kuwa jua husogea takriban nyuzi 15 kwa saa na dira isiyojua wakati humpeleka upande usio wake.

Maabara ya Bloch iliendelea na nyavu. Mwaka 2016 katika Nature Communications waliwapambanisha viongozi wawili wa saa: nyuki wachanga waliwekwa ndani ya mzinga wakipewa mwanga na giza vinavyopingana na ratiba ya kundi. Kundi likashinda mwanga, hata bila mguso. Kwa kiumbe ambacho vitabu vyote vinasema saa yake huongozwa na jua, hilo ni jambo zito. Miaka 4 baadaye Oliver Siehler na Bloch walitenganisha vitu viwili kati ya vile vinavyopita kwenye wavu, harufu za hewani na mtetemo unaosafiri kwenye kitu ambacho nyuki amesimama juu yake, wakaonyesha kwamba kila kimoja kinaweza kulinganisha saa za nyuki waliotengwa.

Lakini angalia walichopima: majira, si kukomaa. Kwamba mtetemo unaweza kumwambia nyuki mchanga sasa ni asubuhi hakujibu kwa nini siku mbili zinamtosha na siku moja haimtoshi. Ili kulijibu hilo ingebidi kuchukua nyuki wa saa sifuri, kumpa joto la kiota cha majana bila harufu wala mtetemo, mwenzake harufu bila joto, mwingine mtetemo peke yake, kwa saa 24, 36 na 48, halafu kutazama ubongo seli kwa seli badala ya kuusaga mzima. Hapo ndipo ingejulikana kama seli zile zilikuwa zimesimama au zilikuwa zikitembea tangu mwanzo, kila moja na majira yake.